Klabu iliyovaa tangazo la Gaddafi

Desemba 1987, wachezaji wa hoki ya barafuni wa klabu ya ECD Iserlohn, Ujerumani Magharibi, waliingia uwanjani na jezi zisizotangaza bia wala magari. Zilitangaza Kitabu cha Kijani cha kiongozi wa Libya, Muammar Gaddafi.

Mwenyekiti wa klabu, Heinz Weifenbach, alikuwa akihangaika na deni la kodi la mamilioni ya maki za Kijerumani. Klabu ilianza mwaka 1959 katika kijiji cha Deilinghofen, palipokuwa na kambi ya wanajeshi wa Kanada, kisha ikahamia Iserlohn, mji mdogo wa viwanda. Ilipopanda ligi kuu, ilibidi ilipe mishahara ya ligi kuu kwa viingilio vya mji mdogo. Pengo hilo lilizibwa kwa kuchelewesha kodi. Mfanyabiashara aweza kumbembeleza anayemkopesha bidhaa. Mtoza kodi habembelezwi kirahisi.

Jezi zile zilivaliwa mechi moja tu, dhidi ya Rosenheim. Chama cha hoki kikazipiga marufuku, kwa hoja kwamba siasa haina nafasi michezoni. Klabu ikafilisika msimu ukiwa haujaisha.

Hata hivyo, uwanja wa barafu ulibaki, na mashabiki pia. Ikaundwa klabu nyingine. Mwaka 2000 ilipata nafasi ya kurudi ligi kuu, safari hii kwa jina la Iserlohn Roosters. Nafasi hiyo iliinunua kwa klabu iliyokuwa imebanwa na ukata: Rosenheim.