Fahamu: Umeme wa taa za ndani ya bwawa la kuogelea

Taa ya majini hupewa umeme mdogo kwa makusudi. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60364-7-702 huruhusu ndani ya bwawa volti zisizozidi 12 za AC au 30 za DC. Soketi ya nyumbani Tanzania hutoa 230. Ngozi iliyolowa hupitisha umeme kwa urahisi, misuli hukaza, na mwogeleaji anaweza kuzama hata kama mshtuko wenyewe haungemuua. Ndiyo maana transfoma inayopunguza volti hizo hufungwa mbali na maji, na ngazi pamoja na vyuma vingine huunganishwa kwa waya wa shaba ili visipishane volti. Kioo cha taa kikionekana kina maji ndani, hakuna mjadala: umeme uzimwe, waogeleaji watoke, fundi aitwe.