Mume na Mke Wakienda Pwani

Kupumzika si kwa matajiri tu. Mume na mke waliolima pamoja wanaweza kwenda Bagamoyo, kilomita 70 hivi kutoka Dar es Salaam. Lakini tupange kwanza.

Tukiuza mazao, tutenge fedha za chakula na mbegu. Nauli ya kurudi tuifunge kando, isiguswe. Tuepuke masika, Machi hadi Mei. Bei ya chumba tuulize kabla ya kulala.

Je, bahari? Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huja bamvua: maji hupwa mbali, kisha hujaa sana. Basi tusiyafuate mbali. Tuwaulize wavuvi saa ya kujaa. Safari njema ni ile wanayorudi wote wawili.