Kinga Isiyo Kamili: Selimundu, Malaria na Uzito wa Istilahi

Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Hata hivyo, neno kinga halina maana moja. Ipo kinga inayopunguza uwezekano wa mtu kuugua, na ipo inayopunguza ukali wa ugonjwa uliokwisha kumpata. Makala haya yanadhamiria kubainisha tofauti hiyo kwa kurejelea selimundu na malaria, na kuonyesha kwa nini suala hili linamhusu mwanafunzi wa Kiswahili.

Mnamo 1949, Anthony Allison, mtafiti aliyelelewa Kenya, alipima damu za watu wa jamii mbalimbali nchini. Alitambua kwamba jeni ya selimundu ilienea miongoni mwa wakazi wa pwani na wa kandokando ya Ziwa Victoria, ilhali ilikuwa adimu katika nyanda za juu. Huko ilikoenea ndiko malaria ilikokithiri. Mnamo 1954 alichapisha hoja kwamba jeni hiyo humkinga anayeibeba dhidi ya malaria.

Kila mtu hurithi nakala mbili za jeni husika, moja kwa baba na nyingine kwa mama. Aliyerithi nakala moja ya selimundu ni mbebaji, na kwa kawaida huishi kama watu wengine. Vimelea vya malaria vikiingia katika chembe zake nyekundu za damu, havistawi vyema, na chembe hizo huondolewa upesi na wengu. Aliyerithi nakala mbili ni mgonjwa. Chembe zake hujipinda mfano wa mundu, huziba mishipa midogo na kumletea maumivu makali.

Utafiti uliofanywa Kilifi na kuchapishwa 2005 ulidhihirisha kuwa ubebaji hupunguza malaria ya kawaida kwa takriban asilimia 50, na malaria kali kwa karibu asilimia 90. Yaani, mbebaji anaweza kuugua, lakini ni nadra azidiwe.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Katika mazungumzo ya kila siku, neno selimundu hutumiwa kumrejelea mbebaji na mgonjwa vilevile. Mzazi akisikia kwamba "selimundu huzuia malaria", huenda akamwondolea chandarua mtoto mgonjwa, ilhali malaria humzidishia mtoto huyo upungufu wa damu hata kuhatarisha maisha yake. Aidha, wazazi wawili wabebaji, ambao wote ni wazima, wana uwezekano wa moja kwa nne, katika kila uja uzito, wa kupata mtoto mgonjwa. Wasipoelezwa tofauti hiyo kwa lugha wanayoielewa, watalijuaje hilo?

Mbebaji naye asijivune. Majaribio ya miaka ya tisini, huko huko Kilifi, yalionyesha kwamba vyandarua vilivyotiwa dawa vilipunguza vifo vya watoto kwa takriban thuluthi moja. Kinga ya kurithiwa haiondoi haja ya kinga ya kutafutwa.

Kwa hivyo, ni jukumu letu wanaisimu na wanafasihi kupendekeza istilahi zinazotenganisha "ubebaji wa selimundu" na "ugonjwa wa selimundu", na kuzieneza kupitia vitabu, redio na zahanati. Istilahi tata darasani hupoteza alama. Zahanatini huweza kupoteza uhai.