Tramu hulipwa na kiwanja, si na nauli

KWA zaidi ya miaka 20 sasa, miji mingi ya Marekani yenye ukubwa wa kati imekuwa ikijadili pendekezo linalofanana: kurudisha tramu, yaani gari la umeme linalokwenda juu ya reli zilizolazwa katika barabara ya kawaida, katikati ya mji. Baadhi ya miji imejenga na sasa inaongeza njia. Mingine imejenga ikabaki na mzigo. Mingine iliuacha mradi mezani kabla ya reli ya kwanza kulazwa.

Mtu wa hesabu akikutana na pendekezo la aina hii huuliza kwanza juu ya nauli: abiria wangapi, kwa bei gani, na mtaji utarudi baada ya miaka mingapi. Kwa tramu hizi swali hilo halifiki mbali. Katika jiji la Kansas City, jimbo la Missouri, ambako mradi unahesabiwa miongoni mwa iliyofanikiwa, njia ilizinduliwa Mei 6, 2016 bila nauli yoyote, na abiria wameendelea kupanda bure.

Fedha basi zinatoka wapi, na nani anayefaidika? Majibu ya maswali hayo mawili ndiyo yanayotenganisha pendekezo linaloweza kusimama na lile litakaloanguka.

Kinachouzwa ni uhakika

Njia ya basi inaweza kubadilishwa kwa agizo la wiki moja. Reli ikishalazwa, hakuna anayeihamisha kirahisi. Kwa abiria hilo linaweza kuwa kero, kwa sababu gari moja likiegeshwa vibaya juu ya reli, tramu nzima husimama. Kwa mwenye kiwanja ni habari njema. Anayekopa benki kujenga ghorofa la kupangisha atalipa deni hilo kwa miaka mingi, na angependa kujua kuwa usafiri unaopita mlangoni leo utakuwapo hata deni litakapokwisha.

Mfano ambao miji mingine imekuwa ikiuiga ni Portland, jimbo la Oregon, iliyofungua tramu yake ya kisasa Julai 2001. Mwaka 1997, kabla ya ujenzi, jiji lilifunga mkataba na kampuni iliyomiliki eneo la zamani la yadi za reli kaskazini mwa katikati ya mji. Kampuni ilikubali kuongeza idadi ya nyumba kwa eka hatua kwa hatua, kuanzia 15 hadi kufikia 131, kila mara jiji litakapotimiza sehemu yake: kuondoa daraja la barabara lililokuwa likilizuia eneo hilo, kujenga tramu, na kutengeneza bustani. Wenye mali kando ya njia nao walichangia ujenzi kwa tozo maalumu.

Jambo la kuangalia hapo ni mkataba. Jiji halikulaza reli na kusubiri bahati. Lilijua ni nani atakayejenga, atajenga nini, na kwa masharti gani. Miji mingine iliyoiga reli ikauacha mkataba imejikuta na njia nzuri inayopita kando ya viwanja vitupu.

Safari ya Kansas City

Kansas City lilikuwa na wakazi wapatao 508,000 kwa sensa ya mwaka 2020. Tramu yake ya zamani ilifungwa mwaka 1957, kama zilivyofungwa nyingine nyingi nchini humo wakati magari na mabasi yalipotwaa barabara.

Mapendekezo ya kurudisha reli yalipigiwa kura mara kwa mara bila matunda. Mwaka 2006 wapiga kura walikubali mpango mmoja, lakini mwaka uliofuata halmashauri ya jiji iliufuta. Mwaka 2008 halmashauri ilileta mpango wake yenyewe, ambao ungelipwa kwa kodi ya mauzo ya jiji zima. Wapiga kura wakaukataa.

Sababu si ngumu kuielewa. Mkazi wa pembezoni aliombwa kulipia reli ambayo isingefika kwake. Hata kama mpango ungekuwa mzuri kwa jiji kwa ujumla, yeye alipopiga hesabu ya mfuko wake aliona kutoa tu.

Waliopanga mradi wa tatu waligeuza hesabu hiyo. Kwanza, waliupunguza: njia ya kilomita 3.5 tu, kutoka soko la zamani karibu na mto Missouri hadi stesheni kuu ya reli. Pili, walitumia sheria ya jimbo inayoruhusu kuundwa kwa eneo maalumu la usafiri, lenye mamlaka ya kutoza kodi ndani ya mipaka yake tu. Kura mbili zilipigwa kwa posta mwaka 2012, moja ya kuunda eneo hilo na nyingine ya kupitisha kodi. Zote zilipita.

Ankara iligawanywa hivi

Njia hiyo ya kwanza iligharimu takriban dola milioni 102. Serikali ya shirikisho ilitoa ruzuku, ikiwamo ya dola milioni 20 iliyotangazwa mwaka 2013. Sehemu kubwa ya deni la ujenzi na gharama za uendeshaji iliwekwa juu ya eneo lenyewe, kwa vyanzo vinavyoonyesha wazi nani analipa nini.

Chanzo cha kwanza ni kodi ya mauzo ya asilimia 1 juu ya bidhaa zinazouzwa ndani ya eneo. Anayekula chakula cha dola 50 hapo huongeza senti 50.

Chanzo cha pili ni tozo ya majengo. Viwango vya juu vilivyowekwa vilikuwa senti 70 kwa kila dola 100 za thamani ya kukadiria kodi kwa nyumba za kuishi, na senti 48 kwa majengo ya biashara. Katika Missouri thamani hiyo ni asilimia 19 ya bei ya soko kwa nyumba na asilimia 32 kwa jengo la biashara. Kwa hiyo mwenye nyumba ya dola 200,000 angelipa hadi dola 266 kwa mwaka, na mwenye jengo la biashara la dola milioni 1 angelipa hadi dola 1,536. Jiji lenyewe lilijiwekea kiwango cha juu kuliko wote, dola 1.04, kwa majengo yake. Taasisi zisizo za faida zenye majengo makubwa nazo hazikuachwa.

Chanzo cha tatu ni maegesho ya kulipia yaliyo wazi, yaani viwanja vilivyosakafiwa na kuachwa bila jengo. Hivyo vilipangiwa dola 54.75 kwa kila nafasi ya gari kwa mwaka, sawa na senti 15 kwa siku. Mwenye nafasi 100 hulipa dola 5,475. Kiasi hicho hakimfilisi mtu, lakini kila mwaka kinamkumbusha kuwa kiwanja kando ya reli kina kazi nyingine ya kufanya.

Matokeo ya abiria yaliwapa nguvu waliopanga. Makadirio yalikuwa takriban abiria 2,700 kwa siku. Mwaka wa kwanza ulipita na safari zaidi ya milioni 2, yaani wastani unaozidi mara mbili ya makadirio. Bila shaka kutokuwapo kwa nauli kulichangia.

Waliolipa bila kuulizwa

Utaratibu huo ulikuwa na upande wake wenye makali. Waliostahili kupiga kura ni wapiga kura walioandikishwa wanaoishi ndani ya eneo, na walitakiwa kwanza kuomba karatasi ya kura. Kura zilizopigwa zilihesabika kwa mamia. Mwenye duka au jengo anayelala mtaa mwingine alilipa tozo bila kuwa na kura. Baadhi ya wenye mali walikwenda mahakamani kupinga, hawakufanikiwa.

Kuna pia mpangaji. Thamani ya kiwanja inapopanda, mwenye kiwanja anafaidika mara mbili: mali yake ina bei zaidi, na kodi ya pango anaweza kuipandisha. Mwenye mgahawa aliyepanga chumba cha chini hana mali ya kupanda thamani. Yeye huvumilia barabara kuchimbwa, huongeza asilimia 1 kwenye bei zake, na mkataba ukiisha hukutana na pango jipya. Akiweza kubaki atapata wateja zaidi. Asipoweza, faida hiyo itakwenda kwa atakayekuja baada yake.

Madai ya ukuaji nayo yapimwe kwa uangalifu. Watetezi wa tramu hupenda kujumlisha kila jengo lililoinuka kando ya njia na kuliweka kwenye hesabu ya reli. Lakini katikati ya Kansas City kulikuwa kumeanza kuamka kabla. Ukumbi mkubwa wa michezo ulifunguliwa mwaka 2007, na jumba la muziki na maonyesho mwaka 2011. Reli ilikuja juu ya wimbi lililokwishaanza. Kusema imeliongeza ni sawa. Kusema imelizaa ni kuvuka hesabu.

Kura iliyoanguka

Somo kubwa lilikuja Agosti 2014, wakati njia ya kwanza ikijengwa. Watetezi walipendekeza kupanua eneo la kodi ili kupeleka reli kusini kwa barabara ya Main na mashariki kwa njia nyingine mbili. Mashariki ya jiji ndiko waliko wakazi wengi weusi na wengi wa kipato cha chini. Wapiga kura wengi walikataa.

Kwa mwenye nyumba ndogo ya mashariki, tozo na kodi ya mauzo zilikuwa za hakika, na kupanda kwa thamani kulikuwa ahadi. Zaidi ya hapo, anayeishi katika nyumba yake bila nia ya kuiuza hafaidiki na bei kupanda. Hupata ankara kubwa zaidi ya kodi ya jengo.

Mpango ulirudi ukiwa mwembamba zaidi. Mwaka 2017 liliundwa eneo jipya linalofuata barabara ya Main peke yake, na mwaka 2018 kodi zake zikapitishwa. Nyongeza hiyo ya kilomita 5.6 hadi chuo kikuu cha jimbo iligharimu takriban dola milioni 352, ambapo ruzuku ya shirikisho ilikuwa dola milioni 174. Ilifunguliwa Oktoba 24, 2025.

Mashariki walipata basi la mwendo wa haraka katika barabara ya Prospect, lililoanza Desemba 2019. Njia hiyo yenye urefu wa kilomita 16 hivi iligharimu takriban dola milioni 56.

Weka namba hizo pamoja. Reli ya Main ni karibu dola milioni 63 kwa kilomita. Basi la Prospect ni dola milioni 3.5. Kama lengo ni kumfikisha mtu kazini kwa gharama ndogo, basi linashinda bila ubishi. Reli inaweza kutetewa pale tu ambapo ardhi kando yake itabeba majengo ya kutosha kulipa tofauti hiyo. Barabara isiyo na soko la majengo makubwa haiwezi kuilipa, hata wakazi wake wawe na shida ya usafiri kiasi gani.

Miji mingine

Katika Cincinnati, jimbo la Ohio, mradi ulinusurika kura mbili za kuuzuia, mwaka 2009 na 2011. Mwishoni mwa 2013 meya mpya, John Cranley, aliyekuwa akiupinga, alipoingia madarakani, kazi ilisimamishwa. Wakaguzi wakaonyesha kuwa kuvunja mikataba kungegharimu karibu sawa na kumaliza, na wafadhili binafsi wakaahidi dola milioni 9 za uendeshaji kwa miaka 10. Njia ilifunguliwa Septemba 2016 kwa nauli ya dola 1. Abiria walikuwa wachache kuliko makadirio, na mwaka 2020 nauli ikaondolewa.

San Antonio, jimbo la Texas, waliachana na mpango wa dola milioni 280 mwaka 2014, baada ya wakazi kukusanya saini za kuupinga.

Mjini Washington, njia ya kilomita 3.5 ilifunguliwa Februari 2016 bila nauli, kama ya Kansas City. Uendeshaji wake uliwekwa kwenye bajeti ya kawaida ya jiji. Bajeti ilipobanwa, Mei 2025 Meya Muriel Bowser alipendekeza kuiondoa na kuweka mabasi ya umeme. Tofauti kubwa kati ya miji hiyo miwili ni mfuko: mmoja una chanzo kilichofungwa kisheria kwa reli, mwingine ulishindana kila mwaka na shule na polisi.

Ya kupima kabla ya kukubali

Kwa mwekezaji au mwenye biashara katika mji unaoletewa michoro ya tramu, mambo manne yanatosha kuonyesha uzito wa pendekezo.

Kwanza, viwanja vitupu na maegesho vilivyo umbali wa kutembea kutoka kwenye njia: ni vingapi, na wenyewe wamefunga mkataba wa kujenga au wametoa ahadi za mdomo? Pili, fedha za kuendesha, si za kujenga tu: zina chanzo chake cha kudumu? Ruzuku hujenga mara moja, ilhali dereva hulipwa kila mwezi. Tatu, mipaka ya kodi: inaishia pale faida inapoishia, au imevutwa ili kujaza pengo? Nne, mpangaji: je, mpango una namna yoyote ya kumsaidia mwenye duka dogo wakati barabara imechimbwa na pango linapopanda?

Swali la nne ndilo linalokosa jibu mara nyingi. Na wanaoliuliza aghalabu ni wale ambao, kama ilivyokuwa kwa wenye maduka wa Kansas City mwaka 2012, hawakuletewa karatasi ya kura.