Ngumi Zimerudi Unguja, Kanuni Zifuate

Agosti 2023 watu walikusanyika uwanja wa Mao Zedong, Kikwajuni, kutazama kitu ambacho wengi wao walikuwa hawajapata kukiona kisiwani kwao: pambano la ngumi za kulipwa. Mzee Abeid Amani Karume aliupiga marufuku mchezo huo baada ya Mapinduzi ya 1964, na kwa karibu miaka 60 Mzanzibari aliyetaka kupanda ulingoni ilimbidi avuke bahari. Si kwamba Unguja hawakujua kipigo. Kila Julai Makunduchi wanaume hutandikana kwa migomba katika Mwaka Kogwa, kisha wakala pamoja. Lakini mgomba ukipiga hupasuka wenyewe. Ngumi haipasuki; kinachopasuka kimo ndani ya kichwa cha aliyepigwa, asipopaona mtazamaji.

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa karibu kilo moja na nusu, nao unaelea katika majimaji ndani ya fuvu. Ngumi inayoogopesha madaktari zaidi si ile ya moja kwa moja usoni, ni ile inayotokea ubavuni na kutua kwenye taya, maana hukizungusha kichwa ghafla. Fuvu linageuka, ubongo unachelewa, kama abiria wa daladala iliyokata kona bila kupunguza mwendo. Kutoka juu ya ubongo hadi kwenye utando mgumu unaolifunika fuvu kwa ndani kumepita vishipa vyembamba vya damu. Vikivutwa kupita kiasi hukatika, na damu huanza kuvilia.

Hapo ndipo hatari inapojificha. Mara nyingine damu hiyo huvuja polepole, kwa hiyo bondia anaweza kumaliza raundi, akapokea matokeo, akazungumza na kocha wake, hata akashuka ulingoni kwa miguu yake. Kichwa kinamuuma, lakini bondia gani haumwi kichwa usiku wa pambano? Baadaye anatapika, usingizi unamzidi, mboni ya jicho moja inakuwa kubwa kuliko ya pili. Fuvu halitanuki. Damu ikiongezeka, ubongo unasukumwa chini, kwenye sehemu inayoongoza pumzi.

Glavu hazizuii hayo. Zinalinda mifupa ya mkono na kupunguza mipasuko ya ngozi, na kwa sababu mkono hauumii, bondia hupiga kichwa kwa nguvu ambayo mkono mtupu usingeithubutu. Kofia ya mazoezi nayo hupunguza mikwaruzo na mipasuko, ila kichwa kinazunguka vilevile. Chama cha dunia cha ngumi za ridhaa kiliwavua wanaume kofia hizo mwaka 2013, na kwenye Olimpiki ya Rio ya 2016 walipigana bila hizo.

Linaloamua nani apone ni muda. Uingereza walijifunza hilo kwa gharama kubwa. Septemba 1991, London, Michael Watson alianguka baada ya pambano lake na Chris Eubank. Pembeni mwa ulingo hakukuwa na timu iliyojiandaa kumpa oksijeni na kumhudumia papo hapo, na hospitali ya kwanza aliyofikishwa haikuwa na wapasuaji wa ubongo. Alizimia siku 40, akafanyiwa upasuaji mara sita, akabaki na ulemavu. Aliishtaki bodi ya ngumi ya nchi hiyo, na mwaka 2000 Mahakama ya Rufaa ikathibitisha kwamba bodi ilikuwa na wajibu wa kuhakikisha huduma hiyo ipo. Kwa maoni yangu hukumu ile imeokoa vichwa vingi kuliko uvumbuzi wowote wa glavu.

Kwa kipimo hicho, Unguja ina bahati ambayo visiwa vingi vya ukubwa wake havina. Hospitali ya Mnazi Mmoja, ukingoni mwa Mji Mkongwe, ina jengo la upasuaji wa ubongo lililofunguliwa mwaka 2014 kwa ushirikiano na taasisi ya NED ya Hispania, ya daktari José Piquer. Kutoka Mao ni dakika chache kwa gari. Lakini jengo peke yake halifungui fuvu. Usiku wa pambano mpasuaji awe ameshaarifiwa, mtaalamu wa usingizi awe tayari, mashine ya CT iwe inafanya kazi, na gari la wagonjwa liwe limegeuzwa kuelekea barabarani, si limezibwa na magari ya wageni rasmi. Na promota akitaka kuweka ulingo hotelini Nungwi kwa ajili ya watalii, akumbuke kwamba ni karibu kilomita 60 hadi mjini. Pambano kama hilo mimi nisingelipa kibali.

Shida nyingine ni ya bahari. Michezo si jambo la Muungano: Bara wana Baraza la Michezo la Taifa na kamisheni yao ya ngumi za kulipwa, Zanzibar wana baraza lao. Bondia aliyelala kwa KO Dar es Salaam Jumamosi anaweza kupanda boti na kufika Malindi kwa saa mbili hivi. Je, taarifa ya kichwa chake inafika naye? Ubongo uliotikiswa unahitaji wiki kadhaa kurudi sawa, na pigo la pili kabla ya hapo huweza kuua hata likiwa dogo. Karim Mandonga, yule anayezipa ngumi zake majina, alishindwa na Daniel Wanyonyi jijini Nairobi Julai 2023. Agosti alikuwa Mao akipigana na Muller Junior. Simlaumu Mandonga, kwani bondia hula kwa ngumi zake. Kumwambia apumzike ni kazi ya mwenye kutoa kibali, na kazi hiyo inataka daftari moja la afya linalosomeka Nairobi, Dar na Unguja.

Haya si mambo ya kufikirika. Desemba 2024 bondia Hassan Mgaya alifariki dunia baada ya kupigwa KO Dar es Salaam. Agosti 2025 mabondia wawili, Shigetoshi Kotari na Hiromasa Urakawa, walifariki kwa damu kuvilia kichwani baada ya kupigana usiku mmoja katika ukumbi mmoja Tokyo. Wakubwa wa ngumi wa Japani walipunguza raundi za mapambano ya ubingwa wa ukanda wao kutoka 12 hadi 10.

Wapo pia wanaoharibika polepole. Daktari Harrison Martland wa Marekani aliandika mwaka 1928 kuhusu mabondia wanaopepesuka na kusahau kama walevi bila kunywa tone. Mwaka 1973 Corsellis na wenzake walichunguza bongo za mabondia 15 waliofariki wakakuta uharibifu ulio wazi. Ngumi hizo hazihesabiwi kwenye kadi ya majaji, kwa sababu nyingi hupigwa mazoezini.

Sweden nayo ilizuia ngumi za kulipwa mwaka 1970. Ilipozifungua tena katikati ya miaka ya 2000, ilianza na raundi nne za dakika tatu. Zaidi ya hapo ni kwa kibali maalumu. Zanzibar haina mazoea ya zamani ya kuvunja. Wenye mamlaka waandike kanuni sasa: pasipo mpasuaji wa ubongo wa zamu, pambano lisianze.