Mtoto asiyetulia: Je, ni mtundu au ni mgonjwa?

JE, mtoto wako hawezi kukaa kitini hata dakika 5? Mwalimu amekuita shuleni mara tatu muhula huu? Kabla hujashika kiboko au kukimbilia duka la dawa, soma makala haya.

Mama mmoja kutoka Ndanai, upande wa Sotik katika Kaunti ya Bomet, aliniletea mwanawe wa miaka 8. Siku hiyo hakwenda kuchuma majani chai na alijua hatalipwa.

"Daktari, mwalimu anasema huyu ana kichaa," aliniambia. "Hasikii. Hamalizi kazi, anasumbua wenzake. Baba yake amemchapa mpaka amechoka."

Nilipomulika masikio ya mvulana huyo, yote mawili yalikuwa na usaha na ngoma zake zimetoboka. Kweli mtoto hakusikia! Alikuwa akichapwa kwa ugonjwa.

Hata hivyo, msomaji, wako watoto wenye tatizo halisi la kukosa makini na kutotulia, ambalo madaktari huliita ADHD kwa kifupi. Si laana, wala si malezi mabaya. Dkt George Still aliwaeleza madaktari wenzake wa London kuhusu watoto wa aina hii mwaka 1902. Duniani kote inakadiriwa kwamba watoto 5 hivi kati ya 100 wanalo. Wavulana hugunduliwa zaidi, kwa kuwa msichana mwenye tatizo hili mara nyingi huketi kimya akiwaza mambo mengine, na hakuna anayemshuku.

Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayoonyesha tatizo hili. Daktari hutegemea maelezo yako na ya mwalimu. Huuliza iwapo mtoto husahau sana, hupoteza vitu, huacha kazi katikati, hukatiza wengine maneno au hushindwa kungoja zamu yake. Dalili ziwe nyingi, zidumu angalau miezi 6, ziwe zilianza kabla ya umri wa miaka 12, na zionekane nyumbani na shuleni pia. Mtoto anayesumbua shuleni pekee huenda haoni ubao, au amepotea katika darasa lililojaa kupita kiasi.

Ni lazima pia daktari aondoe sababu nyingine: masikio, macho, upungufu wa damu, njaa, kukosa usingizi, kifafa kile cha kuduwaa kwa sekunde chache, malaria iliyowahi kupanda kichwani, au ugomvi na ulevi nyumbani.

Ufanye nini? Kwa wiki mbili, andika kila siku unayoyaona, na umwombe mwalimu afanye vivyo hivyo. Chukua karatasi hizo uende hospitali. Uliza pia ofisi ya elimu kuhusu kituo cha kutathmini watoto. Vituo hivi vilianzishwa nchini mwaka 1984.

Ikithibitishwa kuwa ana tatizo hili, mpe agizo moja kwa wakati mmoja, gawa kazi yake vipande vidogo, na umsifu anapomaliza. Mwalimu amketishe mbele. Kwa mtoto wa chini ya miaka 6, matibabu huanza kwa kuwafunza wazazi. Dawa zipo kwa wakubwa kidogo, lakini ziandikwe na daktari mtaalamu. Viboko havitibu, na vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001.

Yule mvulana wa Ndanai alitibiwa masikio, akapimwa uwezo wa kusikia na kuhamishiwa dawati la mbele. Mwisho wa muhula mama yake alirudi na daftari lake. Bado ni mtundu, alisema akicheka, lakini kazi anamaliza.

Ikiwa mwanao "hasikii", anza kwa kumpeleka akapimwe masikio wiki hii.