Mtoto hajatembea, hajasema: Usubiri mpaka lini?

Malindi, hapa Mji Mkongwe, mtoto ni wa mtaa mzima. Jirani anajua siku aliyoota jino, na wazee wa barazani wanajua kama kashaanza kwenda tete. Kwa hiyo mtoto akifika mwaka na nusu hatembei, au miaka miwili hana neno la kueleweka, mama yake kila akipita huulizwa suali lile lile: "Bado tu?"

Kisha zinakuja nasaha. Bibi atasema mwacheni, na baba yake alikuwa hivyo hivyo. Shangazi atasema kapatwa na jicho. Mwengine atatuma vidio WhatsApp.

Wote wana nia njema, na mara nyingi bibi huwa sahihi, maana watoto hawaanzi siku moja. Lakini kungoja nako kuna mwisho wake. Hapa tunaeleza mwisho huo uko wapi, nini kinaweza kumchelewesha mtoto, na pa kuanzia kama unaishi Unguja.

Lini ndiyo kuchelewa?

Shirika la Afya Duniani (WHO) liliwafuatilia watoto wenye afya njema katika nchi tano: Ghana, India, Norway, Marekani na Oman, nchi ambayo familia nyingi za Unguja zina ndugu. Matokeo yalitoka mwaka 2006. Karibu watoto wote walifikia hatua hizi ndani ya muda huu:

- Kukaa bila kushikwa: miezi 4 hadi 9
- Kusimama kwa kushikilia kitu: miezi 5 hadi 11 na nusu
- Kutambaa kwa mikono na magoti: miezi 5 hadi 13 na nusu
- Kusimama dede peke yake: miezi 7 hadi 17
- Kutembea peke yake: miezi 8 hadi 17 na nusu

Angalia mstari wa mwisho. Baina ya mtoto wa kwanza kutembea na wa mwisho kuna zaidi ya miezi tisa, na wote wawili ni wazima. Ndiyo maana kumlinganisha mwanao na wa jirani hakukupi jibu.

Jengine: karibu watoto 4 katika kila 100 hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti. Wengine walisota kwa makalio, wengine waliinuka moja kwa moja. Kutotambaa peke yake si tatizo.

Na kama mtoto alizaliwa kabla ya wakati, hesabu umri wake kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa. Aliyewahi kwa miezi miwili, leo akiwa na miezi 16, mlinganishe na wa miezi 14.

Hapa usingoje tena

Mpeleke kituo cha afya ukiona moja kati ya haya:

- Miezi 9 imetimia na hawezi kukaa mwenyewe
- Mwaka umetimia na habwabwaji, yaani husikii "bababa" wala "dadada"
- Mwaka na nusu umefika, hatembei au hana hata neno moja
- Miaka miwili imetimia na haungi maneno mawili, kama "mama maji"
- Hageuki ukimwita jina, au hashtuki mlango ukibamizwa
- Hajafika mwaka na tayari anatumia mkono mmoja tu, mwengine haushughuliki
- Mwili wake umekakamaa sana au umelegea kama kitambaa

Na moja lililo zito kuliko yote: alikuwa anaweza kitu, sasa hawezi. Alikuwa anasema maneno matano, yamepotea. Alikuwa anakaa, sasa anaanguka. Hilo, awe na umri wowote, nenda wiki hiyo hiyo.

Kwenda kupimwa si kukubali kwamba mtoto ana ulemavu. Wengi huambiwa wako salama na kurudi nyumbani. Lakini yule mwenye tatizo, kila mwezi unaopita ni mwezi wa mazoezi na matibabu aliokosa, tena katika miaka ambayo ubongo wake unajengeka kwa kasi kubwa.

Pemba ilionyesha nini

Sababu moja ya kuchelewa imechunguzwa hapa hapa Zanzibar, kisiwani Pemba: upungufu wa damu unaotokana na kukosa madini ya chuma.

Watafiti waliwapa watoto wadogo wa Pemba madini ya chuma kidogo kila siku kwa mwaka mzima, wengine wakapewa dawa isiyo na kitu ili kulinganisha. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001. Waliopata madini walipiga hatua zaidi katika lugha. Katika viungo, waliofaidika ni wale waliokuwa na damu kidogo sana mwanzoni.

Uchunguzi mwengine wa Pemba, wa mwaka 2005, ulikuta kwamba kukosa madini ya chuma na kuwa na umbo dogo vinahusiana na kuchelewa kutembea. Yaani mtoto anayeitwa "mvivu" mtaani huenda si mvivu. Huenda hana damu ya kutosha.

Basi ukimbilie duka la dawa ukanunue dawa ya kuongeza damu? Hapana. Pemba hiyo hiyo ilitoa onyo. Katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2006, watoto waligaiwa madini ya chuma bila kupimwa kwanza, wakati malaria ilikuwa nyingi. Sehemu hiyo ilisimamishwa mwaka 2003, kwa sababu kulazwa na vifo kwa waliopewa vilizidi kwa 12%. Lakini kwenye kundi dogo lililopimwa na kutibiwa malaria kwa karibu, wale waliokuwa na upungufu kweli walifaidika.

Somo ni moja: pima kwanza. Kipimo cha damu ni tone tu la kidoleni, na dozi apange daktari.

Masikio kabla ya ulimi

Mtoto akichelewa kusema, watu humtazama mdomo. Kuna wanaotaka akatwe kijinyama cha chini ya ulimi. Ila la kwanza ni kujua kama anasikia, kwa sababu mtoto husema anachokisikia.

Kuna anayezaliwa hasikii. Kuna anayepoteza usikivu baada ya homa ya uti wa mgongo. Na kuna wale ambao masikio yanatoka usaha kila mara, wakawa wanasikia nusu nusu. Huyu wa mwisho humchanganya mzazi, kwa vile leo anageuka, kesho hageuki, halafu anaitwa mkaidi.

Kupiga makofi nyuma yake si kipimo cha kutosha. Omba apimwe masikio.

Na lugha mbili je? Mtoto anayesikia Kiswahili kwa mama na Kiarabu au Kiingereza kwa baba huweza kuchanganya maneno mwanzoni, lakini lugha mbili hazimfanyi mtoto awe bubu. Hesabu maneno yake ya lugha zote kwa pamoja.

Sababu nyengine

Mtindio wa ubongo huathiri namna mwili unavyojongea. Huweza kutokana na shida tangu tumboni, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, umanjano wa kupindukia wa siku za mwanzo, au maradhi ya ubongo utotoni. Usonji huonekana zaidi katika kuwasiliana: mtoto hakutazami usoni, hanyooshi kidole kukuonyesha kitu, anarudia mchezo mmoja tu. Wapo pia waliozaliwa na hali kama ya Down. Na wapo ambao sababu haijulikani kabisa.

Katika haya hakuna mama aliyekosea kumbeba mwanawe, wala mtoto aliyeharibiwa na jirani. Anayetaka kusoma dua asome, na ni jambo jema. Dua na kituo cha afya havigombani. Tatizo ni pale miezi sita inapopita kwenye kimoja tu.

Unachoweza kufanya nyumbani

Haya hayangoji majibu ya hospitali, wala hayana gharama.

Mpe sakafu. Nyumba zetu za Mji Mkongwe zina ngazi kali, kwa hiyo mtoto hubebwa kutoka mkono wa dada hadi wa bibi mpaka jioni. Tandika mkeka, ziba ngazi, muache asote, ajivute, ajiinue kwa kushika kiti. Miguu hujifunza chini.

Sema naye. Ukichambua mchele, mwambie unachambua mchele. Akitoa sauti, mjibu kama vile kasema. Akinyoosha kidole kwenye kikombe, taja: "Kikombe. Unataka maji?"

Ondoa chai. Wengi tunampa mtoto chai na mkate asubuhi, lakini chai huzuia mwili kuchukua madini ya chuma. Mpe uji, na maji. Chakula chake kiwe na samaki kutoka dikoni, dagaa waliosagwa, maini kidogo, kunde, mchicha, na kipande cha chungwa au embe kusaidia madini yaingie.

Punguza simu. Ndiyo, hiyo hiyo unayosomea habari hii. Mwaka 2019 WHO ilishauri mtoto asiyefika miaka miwili asikalishwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili isizidi saa moja kwa siku. Katuni haimngoji mtoto ajibu. Wewe unamngoja.

Pa kuanzia Unguja

Anza na kliniki unayompeleka kupima uzito na chanjo. Chukua kadi yake, kwa sababu mstari wa uzito ukilala humwambia nesi mengi. Usiishie kumwambia "mtoto hana raha". Sema waziwazi: "Ana miezi 20, hatembei. Naomba apimwe damu na masikio, na mtuandikie rufaa."

Kama kutoka nyumbani ni kazi, kuna wahudumu wa afya wa jamii wa mpango wa Jamii ni Afya wanaopita majumbani. Kazi yao si wajawazito na chanjo pekee, makuzi ya mtoto nayo yamo. Waulize.

Rufaa nyingi huishia Hospitali ya Mnazi Mmoja, ambako pia kuna mazoezi ya viungo na, kwa watoto wenye kichwa kikubwa au mgongo wazi, upasuaji. Mazoezi hayo huhitaji subira. Unafundishwa pale, unayafanya nyumbani kila siku. Mfundishe na baba, na bibi, usibaki nayo peke yako.

Ukishaambiwa mtoto ana ulemavu wa akili, ipo ZAPDD, jumuiya ya Zanzibar inayoshughulikia watu wenye hali hiyo na familia zao. Na umri wa skuli ya maandalizi ukifika, usimfiche ndani. Zanzibar ina utaratibu wa elimu mjumuisho, na nafasi ni haki yake.

Jambo la mwisho kabla ya kwenda: watoto wengi wakifika mbele ya koti jeupe hulia au hunyamaza kimya, na daktari haoni unachokiona wewe. Mrekodi nyumbani kwa dakika mbili, akicheza, akijaribu kusimama, ukimwita jina. Andika na tarehe. Vidio hiyo huenda ikamwambia daktari zaidi ya maelezo ya nusu saa.